Maji ya Daktari Msimamizi

Hapa Korogwe ya zamani ninapoishi siku hizi, maji si shida. Mto Pangani uko bondeni tu, na bomba la uani likikatika leo, kesho limerudi. Wajukuu wangu huoga kwa fujo. Wanajimwagia, wanaimba, wanaacha bomba linatiririka, nami huwapigia kelele mpaka jirani anachungulia. Wananiona bibi mchoyo. Basi na wanione. Hawajui kwamba nilikaa Handeni miaka ile vijiji vya Ujamaa vilipokuwa vipya, mahali ambapo mwanamke mwenye debe la maji kichwani alipishwa njia hata na wazee. Wala hawajui kwa nini nikikuta ndoo imejaa mpaka ukingoni, imekaa peke yake karibu na mlango, naipita haraka bila kuitazama.

Nilikuwa mganga msaidizi. Tulisoma miaka mitatu, tukapewa koti jeupe, tukasambazwa vijijini. Madaktari kamili walikuwa wachache mno, kwa hiyo sisi ndio tuliokutana na homa, vidonda na uchungu wa kuzaa. Wagonjwa walituita madaktari, nasi hatukuwa na haraka ya kuwasahihisha. Ili tusivimbe kichwa, huko kwetu kila mganga msaidizi aliyeanza kazi alifungwa na daktari mmoja kwa mkataba wa usimamizi. Mkataba wangu ulipigwa taipu, nami nikaja kuukariri wote. Kulikuwa na mambo niliyoruhusiwa kuyafanya peke yangu: malaria, kuhara, kumzalisha mama asiye na tatizo, kushona jeraha la juu juu. Kulikuwa na mambo ya kuyafanya kisha nimweleze. Na kulikuwa na mambo nisiyotakiwa kuyagusa kabisa, bali kumpeleka mgonjwa kwake hospitalini Korogwe. Yeye kwa upande wake aliahidi kuja kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, akae nami kutwa, tuwaone pamoja wagonjwa niliowaambia warudi, anifundishe, anikosoe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari michache tu na nafasi ya saini yake. Siku atakaporidhika kwamba naweza kusimama peke yangu, angeweka saini pale, na safari zake za kila mwezi zingekuwa zimekwisha.

Nilipousoma mara ya kwanza nilitamani ukurasa ule usainiwe kesho yake. Nilikuwa binti mwenye kiburi, na kushikwa mkono sikukupenda.

Kijiji chetu kilikuwa mbele ya Kang'ata. Watu walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao ya zamani, wakapangwa kwa mistari, nyumba zikitazamana. Mto hakukuwa. Kulikuwa na lambo lililochimbwa kwa majembe, ambalo wakati wa kiangazi lilibaki tope, na wanawake waliondoka alfajiri kwenda kungojea maji yajikusanye katika vishimo. Zahanati ilikuwa imekwisha kuezekwa bati, lakini nyumba ya mganga ilikuwa bado msingi, kwa hiyo nilipewa chumba kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi alikuwa mzee mpole, mkulima wa mahindi, aliyesinzia katika kila mkutano. Mke wake, ambaye wote tulimwita mama balozi, hakusinzia kamwe. Siku niliyofika alinitua mzigo, akaniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia bado. Akasema, "Haya, tutaona," kisha akaenda kupika.

Mkataba ulitakiwa kutiwa saini palepale kijijini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa upande wa daktari na mmoja wa upande wangu. Daktari alikuja na dereva wake, mwenyeji wa Kwamsisi, mtu wa mzaha usiokwisha. Mimi nilidhani ningemwita mhudumu wa zahanati aandike jina lake, tumalize. Mwenyekiti wa kijiji akakataa. Alisema karatasi yoyote inayoingia kijijini lazima isomwe mkutanoni, maana kijiji ni cha wote. Basi kipande cha reli kikagongwa, watu wakakusanyika mbele ya ghala, na mwenyekiti akausoma mkataba wote kwa sauti, bila kuruka hata ile sehemu ya kuhara.

Sasa fikiria wazee wale wa Kizigua walisikia nini. Binti hajaolewa, wazazi wake wako mbali. Mwanamume mzima, asiye na mke, amekuja na gari. Anaahidi kwa maandishi kwamba atamfikia binti huyo kila mwezi, atamsikiliza, atamsaidia katika mazito, hatamtupa. Na mashahidi wanatakiwa wa pande mbili. Mzee mmoja akasimama kwa fimbo yake, akauliza swali la haki kabisa.

"Na huyu binti, kwa upande wake anasimama nani?"

Mwenyekiti akajibu kwamba atasimama mhudumu. Mkutano mzima ukaguna, kwa kuwa mhudumu alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Ndipo balozi alipoamshwa, akaambiwa asimame mahali pa baba yangu. Akasimama, akaweka dole gumba. Dereva naye akaweka saini yake kwa madaha, akapeana mkono na wazee wote wa mstari wa mbele kama mshenga aliyepokelewa vizuri. Watu wakapiga makofi. Daktari alikuwa ameinamisha kichwa, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko anachokizuia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na nilimchukia kwa muda wa nusu saa hivi.

Mchana ule mama balozi akaandaa ndoo.

Niseme vizuri jambo hili, maana nje ya kijiji kile halieleweki. Mgeni wa kawaida alipewa maji ya kunawa. Yalichotwa kwa kata, yakamiminwa kidogo kidogo juu ya vidole vyake, yakapokewa kwenye beseni, na beseni likaenda kwa kuku. Maji ya kuoga hakupewa mgeni. Yalikuwa ya watu wa nyumba, na ya mkwe anapokuja. Kumwekea mwanamume ndoo nzima, lambo likiwa tope, ilikuwa kumwambia kwamba hapa ni kwako. Mama balozi aliijaza mpaka juu, akaipeleka kwenye bafu la mabua nyuma ya nyumba, akatandika kanga safi juu ya ukingo, akamkaribisha daktari aoge atoe vumbi la safari.

Daktari hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa mtu wa Ziwa, amekulia ufukweni, lakini njiani alikuwa amewaona wanawake wamekaa na madebe yao pembeni mwa tope. Aliingia bafuni, akalowesha uso, akatoka na ndoo imejaa vilevile. Akamkabidhi mama balozi kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, mama. Maji haya ni mengi mno. Wape watoto wanywe."

Aliamini ametenda wema. Mama balozi aliipokea ndoo, akaingia nayo ndani. Jioni ile, gari lilipokwisha kuondoka, tulikula ugali wetu wa muhogo.

"Amekukataa," mama balozi akasema mwishowe.

"Amekataa kuoga, mama!"

"Ndiyo hivyo hivyo."

Mwezi uliofuata, Alhamisi ya kwanza, Landrova iliposimama, daktari alishuka na taulo begani. Alimwamkia balozi shikamoo, akamgeukia mama balozi, akauliza mwenyewe, "Mama, maji yangu yapo?" Mama balozi alisitasita kidogo tu, akaenda kujaza ndoo. Tulimsikia daktari akijimwagia na kuguna kwa baridi, kisha tukasikia kata inakwaruza chini kabisa. Akatoka amelowa nywele, akaigeuza ndoo juu chini mbele yetu sote. Halikudondoka hata tone. Mama balozi akapiga kigelegele kilichowatoa watu ghalani.

Nilimfuata zahanati nikiwa nimefura.

"Daktari, unajua ulichokifanya pale?"

"Dereva amenieleza njiani. Kumbe mwezi uliopita niliwatukana bila kujua."

"Na ukajua, na bado ukaoga?"

"Nimeoga, Mganga," akasema, akitundika koti lake. "Sasa nionyeshe wagonjwa."

Hakukubali, hakukana. Jibu lile nimelizungusha kichwani miaka yote hii, kwenye basi, jikoni, na hata harusini kwangu nikisubiri kuitwa.

Zahanati ilikuwa na kiti kimoja cha maana, chenye mikono na mgongo, na mbele yake benchi la wagonjwa. Alhamisi ile nilimsogezea kiti. Akakataa, akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, magoti yake marefu yakimfikia kidevuni. Akaniambia, "Kituo hiki ni chako. Mimi ni mgeni wa mkataba." Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi nilikaa kwenye kiti, nikamwita mgonjwa, nikamwuliza, nikampima, nikasema naona nini na nitampa dawa gani. Yeye alisikiliza kutoka benchini. Nikikosea hakunikatiza mbele ya mgonjwa. Alijikuna sikio, na mimi nilikuwa nimekwisha kujua kwamba akijikuna sikio nirudi nyuma nipime tena. Wagonjwa waliamini daktari ana upele wa sikio, na bibi mmoja alimletea majani ya kupaka. Aliyapokea kwa heshima zote, akapaka palepale.

Alinifundisha kusikiliza kifua cha mtoto anayelia, kwa kungoja ile nafasi ndogo anapovuta pumzi ya kilio kinachofuata. Alinifundisha kunawa mikono kwa kikombe kimoja cha maji, viwiko chini, vidole juu, bila kupoteza. Yeye aliyezaliwa penye maji yasiyo na ng'ambo ndiye aliyenifundisha mimi kubana maji. Mpaka leo nanawa hivyo, hata hapa bombani, na wajukuu wananicheka.

Mara moja, wakati wa palizi, mwanamume mmoja alijikata panga kwenye kifundo cha mkono katika shamba la kijiji. Walimleta mbio, damu njia nzima. Nilipofungua kitambaa niliona mshipa mweupe wa kuvutia vidole umekatika. Jeraha kama lile lilikuwa katika yale mambo nisiyotakiwa kuyagusa. Ndugu zake wakanizunguka. "Si una uzi? Si una sindano? Shona!" Mikono iliniwasha kushona, nakwambia kweli, maana ngozi ningeweza kuifunga vizuri na kila mtu angenisifu. Lakini ningefunga ngozi juu ya mshipa uliokatika, na vidole visingefanya kazi tena. Niliosha, nikazuia damu, nikamfunga kwenye kibao, nikamtia kwenye lori la mahindi lililokuwa linakwenda Korogwe. Ndugu zake waliniita mwoga, na mmoja alitema mate karibu na miguu yangu. Nilirudi ndani nikajibu kwa maneno ambayo bahati nzuri ukuta tu ndio uliyasikia.

Alhamisi ya kwanza iliyofuata, daktari akaja na mtu huyo amekaa mbele kwenye Landrova. Akamsimamisha kwenye baraza ya zahanati, watu wamejaa, akamwambia afunge ngumi. Akafunga. Akamwambia afungue. Vidole vikafunguka, taratibu, vyote.

"Huu mkono umeokolewa na mganga wenu," daktari akasema. "Ameuokoa kwa kutoshona."

Alisema hayo akinitazama mimi badala ya watu. Nilishika nguzo ya baraza. Kuanzia siku ile sikuweza tena kujidanganya.

Nilimpenda. Sasa nimeshazeeka, wa kumwogopa sina, naweza kuandika neno hilo kama lilivyo. Nilipenda sauti yake ya chini na ule mtindo wake wa kumngoja mtu amalize kusema, na nilipenda hata vumbi la gari lake, ambalo kutoka kwenye baraza niliweza kulitofautisha na la lori la mahindi. Mwezi kwangu haukuwa na siku nyingine ila Alhamisi ile. Zilizobaki nilizipitisha kwa kumkusanyia mambo ya kumweleza. Mtoto akipona homa ya ajabu, nilifurahi kwa ajili ya mama yake, kisha nikafurahi tena kwamba nina jambo la kumsimulia daktari. Masika barabara ilipokatika na Landrova ikashindwa kupita, nilikaa barazani kutwa nikiisikilizia, na mwangaza ulipokwisha nikaingia ndani nikakaa kwenye benchi, upande wake, sikuwa na haja na kiti.

Naye je? Hakunigusa hata mkono, isipokuwa kuuelekeza juu ya tumbo la mgonjwa. Aliniita Mganga, nami nilimwita Daktari. Yeye ndiye aliyekuwa na saini ya kunipandisha au kuniacha, na nadhani mtu mwadilifu kama yeye aliona haya kumwambia neno jingine binti ambaye kazi yake iko mkononi mwake. Hayo ninayasema sasa. Wakati ule niliona tu kwamba hasemi.

Mama balozi hakuwa na shaka yoyote. Kwake mambo yalikwisha siku ndoo ilipogeuzwa juu chini. Nilimwambia, ili anyamaze, kwamba sisi ni dini mbalimbali, mimi Mwislamu na yeye Mkristo.

"Hilo dogo," akajibu, akipepeta mahindi. "Atasilimu. Mwanamume anayemaliza ndoo kwa maji ya lambo hashindwi kusilimu."

Kijiji chote kilikuwa upande wake. Wanawake walichangia ndoo ile kwa zamu, kila mmoja kata yake moja, hata miezi ya ukame mkali. Nikipita lamboni waliniuliza, "Mume wako wa karatasi anakuja lini?" Nilikuwa nafoka. Kisha nikifika njia panda, mahali ambapo hawanioni, nilicheka peke yangu kwa raha.

Ingekuwa vizuri kama maisha yangekaa hivyo. Lakini mkataba ulikuwa na ukurasa wa mwisho, na kila nilivyozidi kuijua kazi ndivyo nilivyozidi kuusogelea. Mgonjwa wangu wa kwanza niliyemtibu bila sikio kukunwa alinipa furaha. Alhamisi nzima ilipopita bila sikio kukunwa hata mara moja, nilirudi nyumbani nikiwa na furaha na huzuni kwa pamoja. Daktari alikuwa amekaa pale benchini amefumbata mikono, anatikisa kichwa kukubali, hana la kunifundisha.

Karibu na wakati huo tuliitwa mjini Handeni, waganga wasaidizi wa wilaya, kupokea dawa na maelekezo. Niliwakuta wanaume niliosoma nao. Wote walikuwa wameshasainiwa ukurasa wa mwisho, hata yule aliyekuwa akinakili majibu yangu chuoni.

"Wewe bado unashikwa mkono?" akaniuliza mbele ya watu.

"Daktari wake hamwamini," mwingine akasema.

"Au anamwamini mno!" akasema wa tatu, na kicheko kikapasuka.

Kicheko cha mwisho ndicho kilichonipandisha mori. Nilirudi kijijini nikiwa na moto kifuani, nimekata shauri kwamba Alhamisi inayokuja lazima nisainiwe.

Alhamisi ile ilikuja. Nilionyesha kila kitu. Jioni daktari akautoa mkataba mkobani, akaufungua ukurasa wa mwisho, akausoma mistari ile michache kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akasema, "Lebo za chupa zile za juu zimefifia. Ziandike upya. Mwezi ujao." Niliziandika upya usiku uleule kwa hasira. Mwezi uliofuata akaona choo cha wagonjwa hakina mfuniko. Nikamwita fundi, mfuniko ukapatikana. Mwezi uliofuata akataka kwanza aone ninavyowafundisha akina mama kupika uji wa watoto wenye karanga. Nikawapikisha akina mama kijiji kizima. Akala bakuli mbili, akasifu, akaurudisha mkataba mkobani.

Kiangazi kikawa kimefika tena. Alhamisi ya mwisho ninaikumbuka kwa joto lake na kwa nzi. Mama balozi alikuwa ametoka lamboni kwa taabu na maji ya rangi ya chai ya maziwa, akayaacha yatuame tangu asubuhi ili daktari apate maji masafi ya juu. Tulimaliza wagonjwa mapema. Daktari akautoa mkataba. Nikasimama mbele yake, mikono kiunoni. Akautazama ukurasa. Akazungusha macho kwenye kabati, kwenye mizani, kwenye sufuria ya kuchemshia sindano, ukutani, darini. Niliona kabisa kwamba anatafuta kosa na halipati. Mwishowe akaweka mkono kwenye benchi alilokalia, akalitikisa.

"Mguu wa benchi hili umelegea," akasema. "Mgonjwa anaweza kuanguka."

Mdomo ukanitoka.

"Daktari, mguu wa benchi uko wapi kwenye mkataba? Nionyeshe! Lebo nimeandika, choo nimefunika, uji umekula. Wenzangu wote wameshasainiwa, mimi nachekwa wilaya nzima. Kama kazi yangu hairidhishi, niambie machoni. Kama inaridhisha, weka saini."

Hakukasirika, na kutokasirika kwake kuliniudhi zaidi.

"Unataka nisaini?" akauliza.

"Ndiyo."

Dereva alikuwa nje anafuta kioo, na alikuwa ameacha kufuta.

"Unajua maana yake nikisaini? Sitakuwa na sababu ya kuja."

"Naijua. Nimeukariri."

"Unataka, Mganga?"

Swali lilikuwa lilelile, lakini safari hii alilisema polepole, akinitazama usoni, na alikuwa ameishika kalamu bila kuifungua. Leo nalisikia swali lile jinsi lilivyokuwa. Siku ile nilikuwa nasikia kicheko cha Handeni tu masikioni.

"Nimeshakuambia ndiyo!"

Akaifungua kalamu. Akaweka saini, akapuliza wino ukauke, akanipa ukurasa wangu.

"Hongera," akasema. "Ulistahili tangu zamani."

Hilo nalo likanichoma. Tangu zamani! Kumbe alikuwa ananichezea. Nilitaka kumwuliza basi kwa nini, lakini alikuwa ameshasimama, ameinama kupita mlangoni, anaelekea nyumbani kwa balozi kuoga, maana kwa miezi kadhaa sasa alikuwa akioga baada ya kazi, kabla ya safari, si tena akifika. Nikaupitia ukurasa tena na tena, kisha nikamfuata nikitembea haraka, maana nilitaka mama balozi auone kabla gari halijaondoka.

Nilipofika uani, mama balozi alikuwa amesimama karibu na bafu la mabua, ametega sikio. Ndani kulikuwa kimya. Hatukusikia maji wala mguno wa baridi, na kata haikukwaruza. Tulingoja. Kisha daktari akatoka, nywele zake kavu, vumbi lake lote bado liko shingoni, amebeba ndoo kwa mikono miwili kwa uangalifu mkubwa, imejaa mpaka ukingoni. Hakumpa mama balozi. Alipita mbele yetu akaiweka chini karibu na mlango wa chumba changu, bila kumwaga.

"Haya yatakufaa zahanati," akaniambia.

Akamuaga balozi, akamshukuru mama balozi kwa yote, akapanda gari. Dereva, mtu wa mzaha usiokwisha, aliondoa gari bila kutuaga.

Nikamwonyesha mama balozi ukurasa. "Mama, nimefuzu! Sasa nasimama peke yangu."

Hakuutazama. Alikuwa anatazama ndoo.

"Amerudisha maji," akasema.

"Ameona ukame, mama. Si unakumbuka siku ile ya kwanza? Aliona huruma akarudisha."

"Siku ile hakujua."

Niligeuka kutazama barabara. Vumbi la Landrova lilikuwa bado limesimama upande wa Kang'ata, nami nililitazama mpaka likashuka lote na miti ikaonekana tena.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na wagonjwa walikuja kama kawaida. Maji ya kuchemshia sindano yalihitajika, na mengine hayakuwepo. Nilichota kutoka kwenye ndoo ile, kata moja moja, wiki nzima, nikijitahidi nisimwage.